Majina ya Mavi ya Ng'ombe

Kandokando ya barabara za vijijini, kuanzia Arumeru hadi Kiambu, hukosi kukutana na kibao kilichoandikwa kwa mkono: "Mbolea ya ng'ombe inauzwa." Hakuna anayeandika "Mavi yanauzwa", ingawa kilicholundikwa nyuma ya kibao ni hicho hicho. Alfajiri zizini mama alimwambia mwanawe, "Kazoe mavi kabla hujaenda shule." Yalipopakiwa kwenye toroli yakawa mbolea. Bwana shamba akipita mchana atayaita samadi, na mwalimu wa sayansi akiyataja darasani atasema kinyesi cha ng'ombe. Kitu kimoja, siku moja, majina manne, na bado hatujatoka nje ya kijiji.

Maelezo ya haraka ni adabu: mavi ni neno zito, basi watu hulikwepa mbele za wageni. Adabu imo, sikatai. Lakini adabu peke yake haielezi kwa nini Msotho ana majina matatu ya kitu hiki na yote hayamtii haya, wala kwa nini Mmarekani ana majina chungu nzima na mengi yake ni ya mzaha. Ukiyatazama majina hayo nchi kwa nchi, kinachojitokeza ni kazi. Pale ambapo mavi ya ng'ombe hupika chakula, hukandika nyumba au hulisha shamba, lugha huyagawa kwa hali na kwa matumizi: mabichi, makavu, yaliyokanyagwa, yaliyofinyangwa. Pale yanapokosa kazi, hubaki kuwa kitu cha kukanyagwa kwa bahati mbaya, na majina yake huwa ya kuchekesha.

Tuanze na Lesotho, nchi ya milima ambako miti ya kuni ni michache na theluji huanguka katikati ya mwaka. Mavi mabichi huitwa boloko; hayo ni ya kusiriba sakafu na kuta. Yale yaliyojikaukia malishoni, yanayookotwa moja moja na kutiwa guniani, ni khapane. Kisha kuna lisu, na lisu haiokotwi. Mifugo hulala zizini mwezi baada ya mwezi, mavi na mkojo vikikanyagwa na kushikana tabaka juu ya tabaka, hata sakafu nzima ya zizi inakuwa ngumu kama tofali. Hapo hukatwa kwa sepetu vipande vipande, na vipande hupangwa juu ya ukuta wa zizi vikauke. Hiyo ndiyo akiba ya moto ya majira ya baridi. Msotho akitaja lisu amekwisha kukuambia imetoka wapi, imepatikanaje na inakwenda kufanya nini. Neno mavi lisingekuambia lolote kati ya hayo.

Wazulu na Waxhosa wana mgawanyo unaofanana na huo, ila wao wameuingiza hadi kwenye sarufi. Mabichi ni ubulongwe. Yakikauka yakawa kipande cha kuwashia moto ni ilongwe, na vipande vingi ni amalongwe. Shina ni lile lile. Kilichobadilika ni ngeli. Ubu- ni kiambishi cha vitu visivyohesabika, upande ule ambao Kiswahili kimeweka unga, uji na ugali. Ili- na ama- ni vya vitu vyenye umoja na wingi. Kwa hiyo jua likimaliza kazi yake, kitu cha kuchotwa kwa kiganja kimekuwa kitu cha kuhesabiwa na kubebwa kichwani, na lugha inakiri mabadiliko hayo mwanzoni kabisa mwa neno. Yale yaliyosagika zizini, yanayokwenda shambani, yana jina jingine tena: umquba kwa Wazulu, umgquba kwa Waxhosa. Cha kupendeza ni kwamba boloko ya Wasotho na obusa ya Waganda, maneno yasiyofanana hata kidogo kwa sauti, nayo yamo katika ngeli hiyo hiyo ya vitu visivyohesabika.

Kiswahili kina alama ya mgawanyo huu, ila ni hafifu. Mavi hayana umoja. Shonde linao: ni bonge moja la kinyesi kama lilivyodondoshwa na mnyama njiani, na yakiwa mengi ni mashonde. Neno hilo limo kwenye kamusi, japo vijana wengi wa mjini hawalitumii. Zaidi ya hapo Kiswahili kinaishiwa. Hatuna neno moja la mavi makavu ya kuwashia moto, wala la mabichi ya kusiribia. Ni lazima tueleze.

Sababu yake haiko mbali. Kiswahili kilikulia pwani, na sehemu kubwa ya pwani hiyo ilizungukwa na vichaka vya mbung'o ambavyo viliwafukuza ng'ombe. Nyumba ilijengwa kwa udongo, mawe na chokaa ya matumbawe. Moto uliwashwa kwa kuni, makumbi na vifuu. Mtu wa Lamu au Unguja hakuwa na haja ya kulitofautisha shonde bichi na kavu. Lakini muulize kuhusu mnazi uone. Kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, mbata: tunda moja limepewa jina kila linapopiga hatua, kwa kuwa kila hatua ina kazi yake, bei yake na mnunuzi wake. Lugha iliyolifanyia nazi hivyo isingeshindwa kuyafanyia mavi vivyo hivyo, kama yangekuwa na kazi nyumbani.

Tazama pia tulikoyapata majina yetu ya heshima. Samadi tumeitoa kwenye Kiarabu, samād, mbolea ya shambani. Mbolea ni neno letu la Kibantu, ndugu wa imborera ya Kinyarwanda, na lina asili moja na kitenzi kubora cha lugha hiyo, yaani kuoza. Majina yote mawili yanakitazama kitu hiki kutoka upande wa shamba, si upande wa zizi. Kiswahili kilipopanda bara na kuwakuta wafugaji, kiliyapokea mavi ya ng'ombe kama bidhaa na kama somo la kilimo. Sakafu na ukuta vilibaki katika lugha za kinyumbani. Ndiyo maana mama wa Kiganda ana kitenzi kizima, kumaala, cha kusiriba nyumba kwa obusa, na Mswahili analazimika kutumia kusiriba au kukandika, vitenzi ambavyo havijali unapaka nini.

Kazi yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa wengi wetu tumeiona na wachache tumeifanya. Mavi hutakiwa yawe mabichi, ya ng'ombe aliyekula majani. Huchanganywa na maji, pengine na udongo au majivu, mpaka yateleze. Mama huinama, au hupiga magoti, akaanzia kona ya mbali na mlango asije akajifungia. Mkono huenda kwa nusu duara, kutoka nje kurudi mwilini, nusu duara juu ya nusu duara, na vidole huacha mistari inayoonekana hata baada ya sakafu kukauka. Nyuzi za majani ambazo tumbo la ng'ombe halikuzimaliza ndizo zinazoshika udongo usipasuke, na sakafu ikikauka vumbi hutulia. Harufu huisha kesho yake. Wanawake wa Kitswana waliigeuza mistari hiyo ya vidole kuwa sanaa yenye jina, lekgapho, michoro ya udongo na boloko kwenye kuta na sakafu za lolwapa, yaani ua wa nyumba.

Wanyarwanda walikwenda mbali zaidi. Huko mavi mabichi ni amase, na mkojo wa ng'ombe hauitwi mkojo bali amaganga, jina lake peke yake. Katika eneo la Gisaka, mashariki mwa nchi, amase yaliyochanganywa na majivu hufinyangwa kwa vidole juu ya ubao kuwa matuta yaliyonyooka, yakikauka yanasuguliwa na kupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Hiyo ni imigongo, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kwa jina hilo. Simulizi za huko humtaja Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi wa Gisaka, kuwa mwanzilishi aliyependezesha nyumba yake kwa namna hiyo. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 sanaa hiyo ilifufuliwa na wanawake waliojiunga katika ushirika huko Nyakarambi, si mbali na mpaka wa Rusumo, na leo inaning'inia hotelini Kigali. Mgeni anayenunua ubao huo mara nyingi haambiwi umetengenezwa kwa nini mpaka amekwisha kulipa.

Upande wetu wa Ziwa Victoria, kazi kubwa ilikuwa shamba. Wakara, katika kisiwa chao kidogo karibu na Ukerewe, walijaa kwenye ardhi finyu kiasi kwamba kulihama shamba lililochoka hakukuwezekana. Waliwafunga ng'ombe katika shimo ndani ya nyumba, wakawaletea majani, kisha samadi ikatolewa na kubebwa hadi shambani. Maofisa wa kilimo wa miaka ya 1930 walikwenda kuwatazama kwa mshangao, kwa sababu kwingineko walikuwa wakiwahimiza watu wafanye hivyo na hawasikilizwi. Wachaga katika vihamba vyao hufanya kitu cha jamaa moja, ng'ombe bandani na samadi kwenye migomba na kahawa. Wahaya nao walilisha ng'ombe kwenye nyika ya rweya na rutuba ikahamia kibanjani kwa njia ya mavi. Tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890 ilipofagia mifugo, migomba nayo iliumia. Kwa watu hawa thamani ya ng'ombe haikuishia kwenye maziwa na mahari.

Wanuer wa Sudan Kusini ndio waliokwenda mbali kuliko wote niliowasoma. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, aliyeishi nao na kuandika kitabu chake cha 1940, anaeleza kwamba katikati ya banda la ng'ombe huwekwa lundo la mavi makavu yanayofukiza bila kuwaka. Moshi hufukuza mbu, majivu hupakwa mwilini na hutumika kusugulia meno. Mahali hapo pa moto huitwa gol, na gol ni neno hilo hilo la kaya, nyumba ya mtu na watu wake. Sisi tunasema mji una moto, au jiko halijazimika. Mnuer anataja moto wa mavi ya ng'ombe na amekwisha kumtaja baba, wake zake, watoto na mifugo.

Hapa kuna jambo la kando, ila siwezi kuliruka. Wahenga wetu walisema mavi ya kale hayanuki, wakiwa na maana kwamba kosa la zamani halina haja ya kufukuliwa. Kuhusu harufu walisema kweli tupu: samadi iliyoiva hainuki. Lakini wanaakiolojia wamegundua kwamba mavi ya kale husema. Huko Botswana, James Denbow alitumia picha za angani kutafuta makazi ya watu wa Toutswe, wafugaji wa zaidi ya miaka 700 iliyopita, kwa kufuata madoa ya aina moja ya nyasi zinazopenda kuota juu ya mazizi yao ya kale. Mwaka 2018 timu ya Fiona Marshall ilichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wa maboma ya wafugaji wa kale kusini-magharibi mwa Kenya. Baadhi yana umri wa zaidi ya miaka 3,000, na udongo wake bado una rutuba kuliko nyika inayoyazunguka. Nyasi ni nzuri na wanyama pori huzifuata. Ng'ombe waliolala pale hawana kaburi, na bado wanalisha.

Sasa tuvuke bahari tuone majina yanapokosa kazi. Katika miaka ya 1840 misafara ya wahamiaji wa Kimarekani ilipanda bonde la mto Platte kuelekea Oregon, siku nyingi bila kuona mti. Walipikia mavi makavu ya nyati, wakayaita buffalo chips, chips kwa maana ya vipande vya mti anavyoviacha mtu wa shoka. Wawindaji wa Kifaransa walikuwa wamewatangulia kwa jina la bois de vache, kuni za ng'ombe. Majina yote mawili ni ya jikoni. Hayana mzaha, yanakuonyesha kuni. Nyati walipokaribia kumalizwa mwanzoni mwa miaka ya 1880, walowezi wa Kansas na Nebraska waliendelea na mavi ya ng'ombe, na jina likawa cow chips.

Kisha makaa ya mawe na umeme vikafika, na jina likapoteza jiko lake. Likafuatwa na mengine: cow pie, keki ya ng'ombe, meadow muffin, andazi la malishoni. Waingereza wana cow pat, Waskoti sharn. Kati ya 1965 na 1970 watafiti wa kamusi kubwa ya Kiingereza cha mikoa ya Marekani, chini ya Frederic Cassidy wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, walizunguka jumuiya 1,002 wakiwa na dodoso refu, wakakusanya maneno ya shamba na mifugo pamoja na mengine yote. Ukisoma maneno ya aina hiyo unaona yanavyotofautiana kwa mkoa, kwa rika na kwa utani, si kwa kazi. Pie na muffin ni kitu kile kile katika hali ile ile. Moja halichomwi na jingine halisiribiwi. Tangu 1970 mji wa Beaver, Oklahoma, hufanya mashindano ya dunia ya kurusha cow chips. Kuni ya babu imekuwa mchezo wa mjukuu, na jina la kazi limebaki kwenye bango la mashindano.

India inaivuruga hoja hii kidogo, na ni vizuri ivurugwe. Hakuna nchi iliyoyapa mavi ya ng'ombe kazi nyingi zaidi. Mabichi, kwa Kihindi, ni gobar. Wanawake huyachanganya na majani makavu, huyapiga kwa kiganja kuwa mkate, hubandika ukutani yakauke na alama za vidole zikibaki. Mkate huo ni upla au kanda huko Uttar Pradesh, goitha ukifika Bihar, ghunte Bengal, chhana Gujarat, govari Maharashtra, varatti kwa Watamil, pidaka kwa Watelugu. Kila lugha ina jina la kitu kilichotengenezwa, mbali na jina la malighafi. Wengine wana jina hata la lundo: bitora, mnara wa mikate iliyopangwa na kusiribwa nje isilowe mvua, mara nyingine ukichorwa mapambo.

Lakini Wahindi hao hao hutukana kwa gobar. Mpumbavu asiyefaa kitu ni Gobar Ganesh. Jambo zuri likiharibika, husema sukari guru imekuwa gobar. Mtu mwenye akili nzito kichwa chake kimejaa gobar. Inakuwaje kitu kitakatifu, chenye kazi na chenye soko, kiwe tusi? Jibu, kwa maoni yangu, liko kwenye neno lililochaguliwa. Misemo hii imeshika gobar mbichi, kitu ambacho bado hakijapita mkononi mwa mtu. Haikuuchagua mkate uliokaushwa ukutani. Na sisi tuko hivyo hivyo. Ukigombana na mtu wa Manzese atakutupia mavi, na mengine yatakayofuata hayafai kuchapishwa, ila hujasikia mtu akitukanwa kwa samadi. Tusi huishia pale kazi inapoanza.

Majina ya kazi nayo hufa kazi ikifa. Mwaka 2016 serikali ya India ilianza mpango wa Ujjwala wa kuzipatia kaya maskini mitungi ya gesi kwa jina la mama wa nyumba, na kila mtungi unaowaka hupunguza haja ya upla. Wakati huo huo gobar imepata kazi mpya. Jimbo la Chhattisgarh lilianza Julai 2020 kununua mavi kwa wafugaji kwa rupia 2 kwa kilo, ili yatengenezwe mboji. Gobar gas, yaani biogesi, ilikwisha kuenea vijijini miongo mingi kabla, na jina lake lilichukua gobar bila kuona haya.

Kwetu biogesi ilipokelewa kwa jina la kitaalamu. Programu ya biogesi ya majumbani iliyoanza Tanzania mwaka 2009, ikiongozwa na CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini cha Arusha, ilihimiza mtambo wa kuba unaojengwa chini ya ardhi karibu na banda. Mavi hukorogwa na maji kwa kipimo sawa, ndoo kwa ndoo, na kilo moja ya mavi mabichi hutoa kiasi cha lita 30 hadi 40 za gesi. Ng'ombe wawili au watatu wa ndani wanaweza kuiwezesha familia kupika. Fundi atakuambia "ulishe mtambo kila siku", na kitenzi hicho kimeshika bila kufundishwa na yeyote.

Kisichoshika bado ni jina la kinachotoka upande wa pili. Gesi ikishapanda jikoni, mtambo husukuma nje uji mweusi usio na harufu kali, na wakulima waliouzoea huuthamini kuliko samadi ya kawaida kwa kuwa hauhitaji kusubiri uive. Vijitabu vya mafunzo vinauita bioslari. Mkulima huuita tope, au hunyoosha kidole tu. Si mavi tena, maana yamekwisha kupika ugali. Si samadi, maana humiminwa kwa ndoo. Una kazi, una watu wanaougombania msimu wa kiangazi, na majirani wasio na ng'ombe wameanza kuja kuuomba kwa madumu.